Siku moja maishani mwangu: "Wewe mwanafunzi"

Saa 12:30 asubuhi. Nawahi wodini kabla zamu ya usiku haijakabidhi, maana mwanafunzi wa uuguzi akichelewa kidogo tu, wodi nzima itajua. Nasalimia wote, shikamoo. Wengine wanaitikia, wengine wanaendelea na mafaili yao. Hayo nimeshayazoea.

Saa 2:00. Vipimo: joto, presha, mapigo, upumuaji. Upumuaji ndio unaoonewa kuliko vyote. Inabidi usimame utazame kifua dakika nzima, kwa hiyo chati nyingi utazikuta zimejazwa 20, 20, 20 toka juu hadi chini. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mzee wa kitanda cha dirishani, aliyepasuliwa tumbo juzi, namhesabu 28. Narudia, 28 tena. Kifua kinapanda juu juu, na kila nikimuuliza kitu anajibu maneno mawili kisha anavuta pumzi.

Nampelekea taarifa sista wa zamu. Hainui hata macho. "Wewe mwanafunzi, umekuja kujifunza au kutukagua?" Wenzake wanacheka.

Ningeijibu ile kejeli, mada ingekuwa adabu yangu na mzee angesahaulika. Kwa hiyo nasema tena, kwa sauti ile ile: "Samahani sista, mzee wa dirishani anapumua 28, usiku iliandikwa 20. Oksijeni yake ni asilimia 91, iko chini. Naomba uje umwone." Anasonya, anainuka. Akishamwona hasemi tena kitu: anamwinua mgongo, anamwekea oksijeni, anampigia daktari. Asante sikuisikia, wala sikuisubiri.

Saa 4:00. Raundi kuu. Daktari bingwa ananiuliza swali, najibu nusu. "Vyuo vya siku hizi vinafundisha nini?" anasema, mgonjwa akisikiliza. Muda mfupi baadaye mwenzangu ananyoosha mkono mtupu kwenye mrija wa kutoa maji ya kidonda, na daktari huyo huyo anafoka, "Glavu!" Kwangu mimi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kufoka kule kumemlinda mgonjwa na mwenzangu pia. Neno la vyuo halikumsaidia mtu yeyote.

Saa 7:00, mapumziko. Nasoma tena utafiti wa Israel uliochapishwa 2015: timu za wodi ya watoto wachanga zilipewa mgonjwa wa kuigiza, na zile zilizosemwa vibaya na mtaalamu mgeni zikafanya vibaya zaidi, katika kutambua ugonjwa na hata katika kazi ya mikono. Hao walikuwa wenye kazi yao, si wanafunzi.

Saa 8:30. Sista anakataa kusaini kitabu changu cha mazoezi ya vitendo, kinachoonyesha niliyoyafanya wodini. "Kamwombe mwalimu wako." Hapo ndipo wanapotushika, kwenye saini. Naandika kijitabuni: tarehe, saa, maneno yenyewe alivyoyatamka, na nani alikuwepo. Siandiki "amenidharau", kwa kuwa hilo linabishika.

Saa 9:15. Namwomba muuguzi mfawidhi dakika tano, faragha. Ananisikiliza, kisha: "Huyo ndivyo alivyo, mzoee."

"Nitamzoea, mama. Ila mgonjwa akibadilika, taarifa nimpelekee nani?"

Anakaa kimya kidogo. "Niletee mimi." Kabla ya kusaini ananitaka nimweleze ninavyohesabu upumuaji, hatua kwa hatua, na ananirekebisha mahali pamoja: mgonjwa asijue kwamba anahesabiwa, maana akijua atabadilisha pumzi. Laiti wote wangekuwa wakali namna hii.

Saa 12:00 jioni. Mkufunzi wa chuo anataka maelezo kwa maandishi na jina la shahidi. Nampigia mwenzangu wa glavu, ambaye asubuhi alikuwa pale pale nikichekwa. Anasema bado ana saini nyingi za kutafuta wodi ile. Simlazimishi. Naandika yangu, ukurasa mmoja, na sehemu ya shahidi naiacha wazi.