103 kwa kila mtu

Mwaka 2023 nilikuwa afisa wa tatu kwenye meli ya shehena ya kichele, yaani isiyofungashwa, yenye vyumba vitano vya shehena. Kazi mojawapo niliyorithi kwa aliyeshuka ilikuwa kuchapa karatasi mbili za kila mwezi: ya saa za mapumziko na ya ovataimu. Chifu, yaani afisa mkuu wa meli, anataja namba, mimi nachapa, baharia anatia saini. Kwenye ya ovataimu, kila baharia wa sitaha alikuwa na namba ileile mwezi baada ya mwezi: 103.

Namba hiyo haikuokotwa. Ndiyo ovataimu ya uhakika iliyokuwa kwenye mkataba wetu wa pamoja. Saa hizo unalipwa hata usipozifikia, na zinazozidi zinalipwa moja moja. Tatizo ni kwamba zinafikiwa upesi mno. Wiki ya kazi ilikuwa saa 40, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili nzima ni ovataimu. Baharia anayeshika zamu mbili za saa nne kila siku, bila kugusa kazi nyingine yoyote, anakula takriban saa 69 kwa mwezi kwa wikendi peke yake. Zinabaki 34 za kugonga kutu, kupaka rangi, kufunga kamba gatini na kufungua mifuniko. Mwezi wa kuosha vyumba hazitoshi hata wiki mbili.

Na mwezi ule tuliosha. Tulikuwa tumeshusha makaa ya mawe, shehena iliyofuata ni nafaka. Unafagia, unapiga maji ya chumvi kwa presha, unasuuza kwa maji yasiyo na chumvi, unatoa uchafu wote kwenye visima vya ngama, mashimo ya chini yanayokusanya maji, kisha unakausha. Mkaguzi wa nafaka hahangaiki na sakafu. Anatazama juu, kwenye mbavu za meli ambako bomba halifiki vizuri, na akiona vumbi la makaa au kutu inayobanduka anakataa chumba. Hivyo watu wanapanda. Siku sita mfululizo, baharia wa zamu ya alfajiri alifanya kazi 04:00 hadi 08:00, akaingia kuosha chumba 08:30 hadi 15:30, akarudi zamu 16:00 hadi 20:00. Jumla saa 15.

Kanuni inataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, yagawanywe vipande visivyozidi viwili, na kipande kimoja kisipungue saa 6. Siku ya saa 15 ikiandikwa kama ilivyo, meli inajishtaki yenyewe mbele ya wakaguzi wa bandari. Basi karatasi ya mapumziko ilisema alifanya kazi 04:00 hadi 10:00 na 16:00 hadi 20:00 tu. Hapo ndipo pesa zinapopotelea, na watu wengi hawaoni: saa tano zilizofutwa ili kanuni ya mapumziko itimie zinafutika pia kwenye ovataimu, kwa sababu karatasi hizo mbili lazima zifanane.

Bandari iliyofuata alipanda mkaguzi wa ITF, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji. Kuna aliyemwandikia, hakuna aliyeuliza nani. Hakuanza na malalamiko ya mtu. Aliomba mkataba wa pamoja, hati za malipo za miezi saba, karatasi zangu mbili, na batli, kitabu cha kumbukumbu za meli. Batli ndiyo iliyotufunga: kila chumba kilichoanza kuoshwa na kila kilichosimamishwa vilikuwa na saa zake, kwa mwandiko wa maafisa wa zamu, wangu ukiwamo.

Kisha akakuta jambo ambalo mimi sikuliona miezi yote ile. Mshahara wa msingi wa baharia wa daraja la kwanza ulikuwa dola 658, kiwango cha chini kilichopendekezwa na ILO, Shirika la Kazi Duniani, kuanzia Januari 1 mwaka huo. Kupata malipo ya saa moja, ofisi ilikuwa inagawanya kwa 208, ambazo ni saa za mwezi kwa wiki ya saa 48. Mkataba wetu ulisema wiki ya saa 40, kwa hiyo kigawanyo ni 173. Ukizidisha kwa moja na robo, saa ya ovataimu ni dola 4.75, wao walilipa 3.95. Senti themanini. Kwa saa 103 ni dola 82 kwa mwezi, kwa miezi saba ni 577. Ongeza saa 48 zilizofutwa kwa jumla mwezi mzima wa kuosha, dola 228. Mtu mmoja, dola 805.

Akauliza serahangi, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, yuko wapi. Alikuwa ameteremshwa mgonjwa wiki tano nyuma, hakuletwa mwingine, na baharia mkongwe ndiye aliyekuwa akigawa kazi kwa mshahara wake wa zamani. Mkataba ulisema wazi kwamba mshahara wa cheo kisicho na mtu unalipwa kwa wanaobeba kazi yake. Nahodha alinyamaza, halafu akasema ofisi ilijua kwamba hayupo.

Mazungumzo ya simu na kampuni yalichukua mchana kutwa. Wakala wa meli alileta fedha taslimu jioni, na tulihesabiwa mmoja mmoja kwenye chumba cha kulia. Stakabadhi ilikuwa na mstari wa chini: sina dai lingine lolote dhidi ya meli. Mkaguzi aliukata kwa kalamu kwenye kila nakala kabla mtu hajasaini, akatuachia mstari wa kiasi kilichopokelewa tu. Malipo ya cheo cha serahangi hayakuwamo; yalikuja kwenye hati ya mwezi uliofuata.

Hati hiyo ilikuwa na kigawanyo cha 173. Chifu alinipa pia namba za karatasi ya mapumziko. Zilikuwa kumi, kumi, kumi, mpaka chini.