Kumpima mtoto usonji ukiwa Kigoma: sisi tulifanya hivi

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvuliwa, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, wengi tunaoishi kwa dagaa tulibaki tukihesabu madeni. Mimi nikasema basi, miezi hii mitatu ni ya mwanangu Idi. Alikuwa na miaka minane, darasa la pili, na kwa kuwa hakukuwa na mzigo wa kuanika pale mwaloni Kibirizi, nafasi ya kuzunguka ofisini na hospitalini ilipatikana.

Idi anasoma kuliko wenziwe. Alianza kusoma mabango kabla hajafundishwa: majina ya maduka ya Mwanga, maandishi ya ubavuni mwa mabasi. Lakini ukimuuliza "Umekula?" na yeye anakujibu "Umekula?" Mlio wa ghafla unamfanya azibe masikio na kuingia chini ya dawati. Nikienda naye Kibirizi anakaa pembeni ya chanja, anageuza dagaa mmoja mmoja mpaka vichwa vyote vielekee ziwani, na ole wake atakayepitisha mkono akavuruga ile safu. Wateja walikuwa wakicheka. Mmoja aliniambia dagaa wangu wamepitia jeshini.

Shule aliyoanzia walimhesabu mkaidi. Haitiki akiitwa, hamtazami mwalimu usoni, fimbo haimbadilishi chochote. Tulipomhamisha, mwalimu wake mpya alimtazama kwa wiki kadhaa, halafu akaniita. "Mama Idi, watoto watundu nimewafundisha tangu wewe hujaolewa. Huyu si mtundu. Mtundu akiharibu kitu hukutazama kwanza aone kama umekasirika." Ndiye aliyenitajia usonji, yaani autism, ubongo wa mtoto kukua kwa namna tofauti na wa wenzake, na ndiye aliyenipa wazo la daftari.

Hilo daftari nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililotusaidia kuliko kitu kingine chochote. Daktari anamwona mtoto kwa muda mfupi, mahali pageni, na mtoto siku hiyo anaweza kutulia kama maji ya mtungini. Wewe mzazi nawe ukiulizwa "anasumbuliwa na nini?" unajikuta unasema "haongei vizuri", basi, umemaliza. Mwalimu aliniambia nisiandike "alikuwa mkorofi", niandike nilichokiona: kilichotangulia, alichofanya, kilichomtuliza. Ukurasa mmoja ulisomeka hivi: "Jumanne jioni. Nimebadilisha njia ya kurudi nyumbani, tumepitia sokoni. Amelala chini barabarani, analia na kupungapunga mikono. Tumerudi tulikotoka, tumeanza upya kwa njia ya kila siku, amenyamaza mwenyewe." Mwalimu naye aliandika ya darasani: anacheza peke yake, anajibu hesabu kwa kuandika lakini si kwa mdomo, kengele inamwumiza. Nikachomeka humo kadi yake ya kliniki, ile ya kupimia uzito na chanjo, maana madaktari walikuja kuuliza mambo ya zamani sana: alilia alipozaliwa? Aliwahi kupata degedege? Alikaa, akatembea, akasema neno la kwanza lini? Na je, kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea?

Nyumbani vikao havikuisha. Wifi yangu aliona kabisa ni jicho. "Wifi, Ujiji yote hii umekosa mtu wa kumwangalia mtoto?" Nikamjibu kwamba shehe ameshamsomea na dua inaendelea, lakini kuchanjwa chale, mwanangu hachanjwi. Tulipolimaliza hilo akaja na lingine, kwamba ni ile sindano ya surua. Hili nalo nililiandika daftarini ili nimuulize daktari, na jibu nimelieleza huko chini.

Watu wengi wanakimbilia hospitali moja kwa moja. Mimi naona heri kuanzia shuleni, hasa kama mtoto ameshaanza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alituandikia barua kwa afisa wa elimu maalumu wa manispaa. Kila halmashauri ina mtu wa kazi hiyo, ila wazazi wengi hatumjui kwa sababu hatuna sababu ya kupita mlango wake. Walimu wa elimu maalumu wakakaa na Idi: kulinganisha maumbo na rangi, kushika penseli, kufuata agizo moja kisha maagizo mawili kwa pamoja, kuonyesha picha inayotajwa. Hawakumpa jina la tatizo, hiyo si kazi yao. Waliandika anachoweza, anachoshindwa na msaada anaouhitaji darasani, wakashauri apimwe masikio na macho kabla ya yote. Hapo nikaona maana yake. Mtoto asiyeitika jina lake huenda hasikii tu, na kuna watoto wanaoitwa wakaidi kumbe ni masikio.

Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, daktari wa watoto alisoma daftari lote, akamkagua Idi, akatuandikia rufaa ya kwenda hospitali ya kanda ya Bugando, Mwanza. Kama huna bima, kama mimi, usitoke hospitali bila kuonana na afisa ustawi wa jamii. Mweleze hali yako mapema, si siku umesimama dirishani unadaiwa. Nauli na malazi nilikopa kwenye kikoba.

Safari yenyewe tuliifanyia mazoezi. Nilisikia kwamba kupimwa masikio mtu huvalishwa vile vya kuziba masikio vikubwa, headphone, na Idi hata kofia havai. Nikaazima vya kijana wa duka la simu, kila jioni tunavivaa kwa zamu: mimi, baba yake, yeye. Mwanzo anavitupa. Baadaye anavaa huku akihesabu kwa sauti, akifika kumi anavua. Tukasogeza mpaka ishirini. Nikamchorea pia safari kwenye karatasi, picha moja moja: basi, kivuko, hospitali, daktari, basi tena, nyumbani. Kutoka Kigoma mpaka Mwanza ni siku nzima barabarani, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, halafu Geita, na wakati ule Busisi tulikuwa bado tunavuka kwa kivuko, daraja halijafunguliwa. Nilimlipia kiti chake mwenyewe, cha dirishani. Kila tukipita kituo anakata picha kwa kalamu. Abiria mmoja alidhani mtoto ndiye anayekagua basi.

Bugando alivaa vile vya masikioni bila ugomvi. Masikio mazima. Kisha daktari akakaa naye chini na mpira, gari la plastiki na mwanasesere. Mimi nilidhani anacheza naye tu, kumbe ndiyo kupima kwenyewe: anamwita jina akiwa kampa kisogo, anaonyesha kitu kwa kidole aone kama Idi atafuata kidole au atatazama mkono, anajifanya kumlisha mwanasesere aone kama atamuiga. Idi aligeuza lile gari juu chini, akawa anazungusha tairi. Hakukuwa na kutolewa damu wala picha ya ubongo kwa ajili ya usonji, kwa sababu hakuna kipimo cha namna hiyo. Daktari alisema wanatafuta mambo ya aina mbili kwa pamoja, tena yaliyoanza utotoni: ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu, na tabia za kurudiarudia, kung'ang'ania utaratibu au kusumbuliwa mno na sauti, mwanga na mguso. Moja bila jingine halitoshi. Sehemu kubwa ya la pili aliitoa kwenye daftari, kwa sababu siku ile Idi hakulionyesha sana.

Akasema ni usonji. Mume wangu, ambaye njia nzima hakuongea, akauliza, "Daktari, ina dawa?" Hapana. Dawa zinaweza kutolewa kwa mambo yanayoambatana nao, kama kifafa au kukosa usingizi, lakini usonji wenyewe hautibiwi kwa vidonge; kinachomjenga mtoto ni mafunzo. Akamwambia Shirika la Afya Duniani, wakati ule, lilikuwa likikadiria mtoto mmoja katika 100 hivi. Mume wangu akawaza kidogo, akasema, "Basi Ujiji wako wengi." Na la sindano ya surua: uvumi ulitokana na utafiti wa Uingereza wa mwaka 1998, ambao jarida lenyewe lililouchapisha liliufuta mwaka 2010. Wifi nilimpelekea jibu hilo kama lilivyo. Akasema sawa, lakini jicho lipo.

Tulirudi na ripoti iliyogongwa muhuri. Kabla ya kuifikisha nyumbani niliitoa nakala: moja shule, moja ofisi ya elimu ya manispaa, moja Maweni, na halisi haitoki kabatini. Kwa ripoti hiyo Idi alipata nafasi kwenye shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Asubuhi yuko kitengoni na mwalimu aliyesomea chuo cha ualimu cha elimu maalumu Patandi, Arusha, na hesabu anasoma na darasa la kawaida. Wataalamu wa tiba ya kuongea ni adimu huku kwetu, kwa hiyo mwalimu ananifundisha mimi, nami nafanya nyumbani. Tumekata maboksi ya sabuni tukachora kadi: maji, chakula, choo, nimechoka, kelele. Kadi ya "kelele" ndiyo iliyochakaa kuliko zote. Ukutani pana mbao mbili, "kwanza" na "kisha", anabandika mwenyewe: kwanza kuoga, kisha redio.

Kengele ya shule ni rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mwembe. Mwalimu alifikiri sana namna ya kumkinga Idi na ule mlio, mwishowe akampa nondo, akamwambia agonge yeye. Ukigonga mwenyewe mlio haukushtukizi. Tatizo lililobaki ni kwamba sasa hataki mtoto mwingine aguse ile nondo, na hagongi hata dakika moja kabla au baada ya muda. Mwalimu mkuu alijaribu siku moja kuwaachia watoto mapema, akashindwa.

Bado hatujafika popote kwenye maongezi ya kawaida. Anaomba maji kwa sentensi nzima, habari ya shule hasimulii. Mwakani anaingia darasa la nne na kuna Upimaji wa Kitaifa. Mwalimu ameniambia majina ya watoto wenye mahitaji maalumu yanatakiwa mapema, kwa hiyo nakala nyingine ya ripoti nimeshaipeleka.