Sikununua pikapu mpya, na besi inasikika

Kwa miaka miwili niliambiwa wimbo mmoja kuhusu gitaa langu la besi: nunua pikapu mpya, yaani ile sumaku iliyosokotewa waya inayonasa sauti ya nyuzi. Mpiga solo wetu alisema hivyo, fundi redio akasema hivyo, hata kijana anayetufungia spika akasema hivyo. Laki mbili na ushee, na nauli ya mzigo kutoka Dar juu yake. Nilikuwa nimeanza kuzichanga.

Shida yangu ilikuwa hii. Napigia kwaya hapa Dodoma, upande wa Chang'ombe. Ndani ya kanisa besi yangu ilitosha. Tukitoka nje, upepo unavuma, akina mama wameshika ngoma za muheme, mimi napotea kabisa. Naona vidole vyangu vinatembea, sauti siisikii. Nikiongeza besi kwenye amplifaya, spika inakoroma na noti bado haitambuliki. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba kule chini kabisa ngoma zilikuwa zimeshakaa. Nilichokosa ni sauti ya kati, ile inayomfanya msikilizaji ajue umepiga noti gani.

Gitaa langu ni nakala ya mtindo wa Jazz Bass: pikapu mbili, volyumu mbili, toni moja. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, walipoitoa Jazz Bass mwaka 1960, pikapu zake ziliungwa sambamba, paraleli kama wanavyosema mafundi. Kila pikapu ina njia yake ya kutokea, na sauti inakuwa safi, yenye kung'aa. Precision, besi yao nyingine, ya kuanzia 1957 ina pikapu iliyogawanywa vipande viwili, na vipande hivyo vimeungwa kwa mfuatano, yaani siriizi: sauti ya cha kwanza inapitia cha pili. Rafiki yangu wa Nkuhungu ana nakala ya Precision. Siku tuliyopokezana amplifaya moja uwanjani, yeye alisikika mpaka nyuma, mimi sikusikika. Nikajiuliza, kwa nini nisiziunge za kwangu kwa mfuatano?

Fundi akakataa. "Weka kapasita kubwa, kijana, besi itaongezeka." Ushauri huu unaniudhi mpaka leo kwa sababu kila mtu anautoa. Kapasita ya toni haiongezi besi hata chembe. Inachukua trebo na kuipeleka eathi, basi. Ukiweka kubwa, ukigeuza toni unapata sauti iliyofunikwa blanketi. Yangu ya mikrofaradi 0.047 ipo palepale.

Swichi ya kuchagua sambamba au mfuatano niliing'oa kwenye redio iliyokufa, ya kusukuma, yenye miguu sita. Kama utanunua, nadhani ni elfu mbili au tatu maduka ya karibu na Soko la Majengo, ila hesabu miguu kabla ya kulipa, kwa sababu ya miguu mitatu haifai kwa kazi hii. Mguu mmoja wa katikati ulipokea waya wa eathi wa pikapu ya shingoni, mwingine ukapokea waya wa sauti wa pikapu ya nyuma. Ukisukuma chini, kila waya unarudi kwake kama zamani. Ukisukuma juu, waya hizo mbili zinakutana, na pikapu mbili zinakuwa mnyororo mmoja.

Kabla ya kuchomea risasi kwenye volyumu nilipima ukinzani wa pikapu. Moja kilo-omu 7.4, nyingine 7.8. Sambamba zikasoma 3.8, kwa mfuatano 15.2. Hesabu imekubali, nikafunga gitaa, nikakimbilia mazoezi ya Ijumaa.

Ikatoka sauti nyembamba ya puani, karibu zaidi na zeze kuliko besi. Nyuzi nene ndizo zilizoathirika zaidi. Na mvumo wa umeme, ambao siku zote unanyamaza nikifungulia volyumu zote mbili, sasa ulikuwa unaunguruma kuliko wakati wowote. Mwalimu wa kwaya akanitazama, akasema taratibu, "Leo pumzika kwanza, baba." Nilirudi nyumbani nimeumia.

Usiku ule sikulala, na ndipo nilipopata jibu. Pikapu zangu mbili zimesokotwa kinyume, na sumaku zake zimegeuzwa pia, ili sauti ya nyuzi ijumlike na mvumo ufutane. Mimi, katika kuhamisha waya, nilikuwa nimeipindua moja. Kwa hiyo mambo yakageuka: mvumo ukajumlika, na noti za chini, ambazo zinafika kwenye pikapu zote mbili karibu sawasawa, zikafutana. Zilizobaki ni zile sauti za juujuu. Mita ya namba haikuweza kunionya. Ni 15.2 ukiunga sawa, ni 15.2 ukiunga kinyume!

Asubuhi nikaenda kwa fundi yuleyule.

"Shikamoo mzee. Naomba ile mita yako ya sindano."

"Marahaba. Ile ya zamani? Ya nini tena?"

"Sindano bado inacheza?"

"Inacheza."

Niliiweka kwenye kipimo kidogo kabisa cha umeme wa moja kwa moja, nyaya zake kwenye pikapu ya shingoni, kisha nikagusisha ncha ya bisibisi kwenye sumaku. Sindano ikaruka kulia. Nikahamia ya nyuma, nyaya kwa mpangilio ule niliouunga. Ikaruka kushoto. Nikarudia mara tatu, fundi ameinama pembeni yangu kimya. Nikabadilisha waya mbili za pikapu ya nyuma, nikagusa tena: kulia! Yule mzee alichukua bisibisi mkononi mwangu akajaribu mwenyewe.

Jumapili tulipiga nje. Sauti ilikuwa kubwa zaidi, nene katikati, trebo imepungua kidogo, na mvumo umenyamaza kwa sababu pikapu zote mbili zinafanya kazi wakati wote. Volyumu ya pili inakuwa haina kazi swichi ikiwa juu, hilo lijue mapema usije ukadhani umeharibu. Ngoma zilipoingia nilisikia kila noti yangu ikipita katikati yake. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliniambia baada ya ibada, "Leo nimejua pa kuingilia."

Kwenye tenzi za polepole ndani ya kanisa narudisha swichi chini, maana pale sambamba ni nzuri zaidi na siioni sababu ya kuiacha. Waya za sauti nimezitia alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya dada yangu. Rafiki yangu wa Nkuhungu sasa anataka Precision yake iweze kwenda sambamba, na Jumamosi tunaifungua, mita ya sindano tumeshaiazima.