Sehemu kwenye Excel: 5/16 isigeuke 1/3

Anayetengeneza orodha ya mbao au mabomba kwa inchi atakutana na tatizo hili mapema. Andika 3/4 kwenye seli mpya, nayo Excel inaifanya tarehe: Aprili 3 au Machi 4, kutegemea kompyuta imepangwa kufuata nchi gani. Kubadilisha mwonekano baadaye hakuokoi kitu, kwa kuwa seli imeshahifadhi namba ya siku. 1/2 iliyosomwa kama Februari 1, 2024 itatokea kuwa 45323. Ifute, uandike upya.

Andika sifuri, acha nafasi, kisha sehemu: 0 3/4. Namba mchanganyiko kama 2 3/4 haihitaji sifuri. Kwa orodha ndefu ni afadhali uchague safu nzima kwanza, ubonyeze Ctrl+1 kufungua dirisha la Format Cells, uingie Fraction, ndipo uanze kujaza.

Humo ndani ya Fraction kuna mtego mbaya kuliko ule wa tarehe, kwa sababu hauonekani. Chaguo la kwanza, Up to one digit, linaruhusu asili (namba ya chini ya sehemu) ya tarakimu moja tu, hivyo 5/16 inaandikwa 1/3, ambayo ndiyo iliyo karibu. Seli bado ina 0.3125 na jumla zitatoka sawa; karatasi utakayompa fundi ndiyo yenye kosa. Chagua Up to two digits.

Ukitaka kila kitu kwa sehemu za kumi na sita, kama futi ya fundi ilivyogawanywa, nenda Custom uandike # ??/16. Nusu itasomeka 8/16, haitarahisishwa. Kwa orodha ya kukatia sioni ubaya, ila kwa orodha ya dukani tumia # ??/??, kwa sababu muuzaji anajua nusu na robo tatu. Alama # ndiyo inayobeba namba nzima. Ukiiondoa na kubakiza ??/??, 1.75 inakuwa sehemu guni, 7/4. Alama za ? huacha nafasi tupu pale tarakimu inapokosekana, ili mikwaju ikae mstari mmoja kwenye safu.

Kumbuka mwonekano haukadirishi thamani. Seli yenye 0.3 chini ya # ??/16 inaonyesha 5/16, lakini vipande 8 vitajumlishwa kuwa 2.4 wakati karatasi inadai 2.5. Kadirisha kwanza:

=ROUND(A2*16,0)/16

Ukihitaji sehemu ndani ya sentensi, tumia =TRIM(TEXT(A2,"# ??/??"))&" inchi"; TRIM inaondoa zile nafasi tupu. Matokeo yake ni maandishi, kwa hiyo SUM itayaruka bila kukuonya. Vivyo hivyo herufi ½ inayoingizwa kwa Alt+0189. Hesabu zibaki kwenye safu ya namba, maandishi yakae safu ya pembeni.