Makala ya uchumi huanza kuandaliwa mkiani

Makala nyingi za uchumi huandikwa kwa mpangilio uleule wa kusomwa: utangulizi, maandiko yaliyotangulia, data, matokeo. Baada ya muda mrefu jarida linaikubali kwa masharti, mhariri wa data anaomba faili zote, na hapo Jedwali la 3 linagoma. Kila ukilitengeneza upya, namba zinatoka tofauti kidogo na zile zilizo kwenye makala. Mwandishi mwenza aliyeandika msimbo, yaani amri za kompyuta zilizotoa namba hizo, ameshahama, na kompyuta yake imeshafutwa.

Kwa hiyo anza mkiani. Andaa furushi la data na msimbo kabla hujaituma makala popote, hata kama jarida lako halilidai. Majarida ya American Economic Association (AEA), chama cha wanauchumi cha Marekani, yanalidai: tangu kanuni zao zilipokazwa mwaka 2019, furushi hukaguliwa kabla makala haijakubaliwa rasmi, kisha huhifadhiwa wazi kwenye openICPSR, hifadhi ya data ya mtandaoni. Lakini faida kubwa ni yako. Furushi ndilo linalokuonyesha makosa ambayo mpitiaji, yaani mtaalamu anayeikagua makala kwa niaba ya jarida, hawezi kuyaona.

Chukua mfano wa makala kuhusu vocha za mbolea na mavuno ya mahindi Tanzania, inayotumia NPS (National Panel Survey), utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu unaofuatilia kaya zilezile. Awamu ya kwanza, 2008/09, ilikuwa na kaya 3,265. Awamu ya pili kaya zikawa 3,924, kwa sababu vijana walioondoka nyumbani walifuatwa na kuhesabiwa kama kaya mpya. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kaya moja ya 2008 inaweza kuwa na vipande vitatu mwaka 2010. Ukiunganisha awamu hizo kwenye Stata, programu ya uchambuzi wa takwimu, kwa `merge m:m` (wengi kwa wengi), programu haitalalamika. Itaoanisha mistari kwa jinsi ilivyopangana tu, na utapata jedwali safi lisilo na maana. Mwongozo wenyewe wa Stata unaonya dhidi ya amri hiyo. Tumia `1:m` (mmoja kwa wengi) kutoka kaya mama kwenda vipande vyake, na kabla ya kila muunganiko weka `isid` ili msimbo usimame pale kitambulisho kinapojirudia.

Kosa la pili limejificha zaidi. Amri ya `sort` hupanga kwa bahati nasibu mistari yenye thamani sawa. Ukipanga kwa namba ya kaya peke yake kisha ukabakiza mstari wa kwanza wa kila kaya, leo umebakiza shamba la mahindi, kesho la mihogo. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya namba "kucheza". `set seed`, amri ya kufanya bahati nasibu ijirudie vilevile, haisaidii hapa, kwa kuwa upangaji una mbegu yake tofauti. Dawa ni kupanga kwa vitambulisho vyote, yaani kaya, shamba, zao na msimu, hadi kusiwe na mistari miwili inayofanana.

Kisha usiguse Excel. Mavuno ya kilo 90,000 kwenye nusu ekari ni kosa la dodoso, sawa, lakini ukilirekebisha kwa mkono ndani ya seli hakuna ushahidi wa ulichofanya. Liandike kwenye msimbo, pamoja na sababu. Faili ghafi zibaki jinsi zilivyopakuliwa.

Faili kuu moja iendeshe kila kitu kuanzia data ghafi hadi jedwali la mwisho, njia za folda ziandikwe mahali pamoja, kwa mkwaju wa mbele (/) unaofanya kazi Windows na Mac. Programu ndogo za nje kama `reghdfe` ziwekwe nakala ndani ya furushi, maana toleo la mwaka kesho linaweza kukubadilishia matokeo. Faili ya maelezo ya furushi, README, itaje toleo la Stata, muda ambao msimbo unachukua, tarehe uliyopakua data, na jedwali lipi linatoka kwenye faili ipi. Data za NPS zilizopakuliwa kwenye maktaba ya Benki ya Dunia huruhusiwi kuzigawa mwenyewe, kwa hiyo usizitie kwenye furushi. Andika hatua za kujisajili na kuzipata. Halafu mpe mwenzako furushi zima aliendeshe kwenye mashine ambayo haijawahi kuiona makala yako. Mara nyingi litakwama dakika ya kwanza.

Kuna mipaka ya data yenyewe ambayo mpitiaji anayeijua NPS ataiulizia. Majiranukta ya GPS (namba za mahali kaya ilipo) yanayotolewa kwa umma yamesogezwa makusudi kulinda siri za kaya, mjini hadi kilomita 2 na vijijini hadi 5, na sehemu chache hadi 10. Kugawa kaya kwa umbali wa kilomita moja moja kutoka kwa muuza pembejeo ni kupima ukungu kwa rula. Na kwa kuwa sampuli ilichaguliwa kwanza kwa maeneo ya kuhesabia watu, makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio) yakusanywe kwa makundi (cluster) angalau kwenye ngazi hiyo, kwa eneo la awali la 2008/09 na siyo alikohamia kijana. Kama tofauti unayoitumia inatokana na mgao wa vocha kwa wilaya, basi kusanya kwa wilaya. Wilaya zikiwa chache, tuseme chini ya 30, makosa sanifu yaliyokusanywa kwa njia ya kawaida hutoka madogo kuliko ukweli. Hapo tumia `boottest`, programu ndogo ya Stata inayopima kwa kuchukua sampuli upya mara nyingi.

Utangulizi uandikwe mwisho. Swali liwe aya ya kwanza, na jibu lenye namba na kipimo chake lionekane kabla ya ukurasa wa pili kuisha. Taja makala mbili tatu zilizo karibu zaidi na yako na useme umeongeza nini juu yake. "Hakuna aliyelichunguza hili Tanzania" haitoshi. Eleza Tanzania inakuruhusu kuona nini ambacho kwingine hakionekani.

Jarida la kutuma mara nyingi liko kwenye orodha yako ya marejeo: angalia ni lipi linalojirudia. Kwa makala kama hii ni Journal of Development Economics, World Development, au Journal of African Economies. Soma kanuni zao upya, maana hazifanani. American Economic Review inataka ikisiri (muhtasari wa mwanzo) isiyozidi maneno 100, na haitaki nyota (*) za umuhimu wa kitakwimu kwenye majedwali. Misimbo ya JEL, alama za kupanga makala za uchumi kwa mada, ianze na mada yenyewe, Q12 kwa kaya za wakulima, na O55 ya Afrika ifuate. Majarida ya AEA yaliacha kuficha majina ya waandishi mwaka 2011, ila mengine bado yanaficha, na huko jina lako lisibaki hata kwenye sifa za faili ya PDF. Kuweka rasimu SSRN au MPRA, hifadhi za mtandaoni za rasimu, kabla ya kutuma ni jambo la kawaida kwa wanauchumi. Kutuma kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kosa zito.

Ada ya kuwasilisha hulipwa wakati wa kutuma na kwa kawaida hairudi. Baadhi ya majarida huwapunguzia au huwasamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini, kwa hiyo uliza kwanza. Jarida linaloikubali makala kwa siku nne bila swali hata moja, kisha likatuma ankara, achana nalo.

Ukiambiwa urekebishe na kutuma tena, nakili kila hoja ya mpitiaji neno kwa neno, jibu chini yake, na utaje ukurasa ulipobadilisha. Pale usipokubali, onyesha jedwali, usibishane kwa maneno. Wapitiaji wawili wakitaka mambo yanayopingana, mwandikie mhariri kabla hujaanza kazi na umuulize lipi analipa uzito.