Papasi wa Ganda, nilivyowatoa kwenye nyumba ya nyanya

Naandika bado nina hasira manake ushauri niliopewa ulinipotezea miezi 2 na afya juu yake. Nyumba ya marehemu nyanya kule Ganda, nje kidogo ya Malindi, ni ya fito na udongo, makuti juu, chini vumbi. Ilikaa imefungwa miaka 3 ndo nikahamia. Ami akaniambia ingia tu mwanangu, kama kulikuwa na wadudu washakufa njaa. Wapi! Papasi, huyu kupe wa kwenye nyumba za udongo, anakaa miaka bila kula, anamngoja mtu.

Wiki ya kwanza naamka na vidoa vyekundu kiunoni na miguuni, vina weusi katikati, vinawasha mpaka basi. Kila mtu kunguni, kunguni. Nikaanika godoro siku 3, nikakimwagia kitanda maji ya moto, nikanunua dawa ya kupuliza kama elfu moja na kitu, na bado natafunwa. Jirani akasema achana na kitanda, tandika mkeka ulale chini. Nililala chini siku 4 na hizo ndo nilizotafunwa vibaya kuliko zote, na sasa najua kwa nini, papasi hakai kitandani, anakaa kwenye vumbi la chini na nyufa za ukuta, usiku anatoka anakunywa damu nusu saa hivi, humsikii, kisha anarudi zake. Kupe wa ng'ombe anaganda siku kadhaa utamwona, huyu asubuhi hayupo.

Halafu homa. Kichwa kinapasuka, viungo vyote vinauma, natapika. Duka la dawa wakanipa za malaria bila kupima. Siku ya 4 homa ikakatika yenyewe nikashukuru nikajua nimepona, baada ya wiki ikarudi. Nikapima malaria, hakuna. Ikaondoka, ikarudi mara ya tatu, safari hii nikaenda homa ikiwa juu kabisa, na kijana wa maabara akaitazama damu kwa darubini akaniita nione mwenyewe, vijidudu vyembamba vimejisokota kama springi. Homa ya papasi. Nenda ukiwa unatetemeka, homa ikishashuka mara nyingi havionekani. Nikapewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, nikaambiwa nisiondoke kwanza, na kweli baada ya kidonge cha kwanza nilitetemeka kitanda kikalia, inatokea hivyo vijidudu vikifa kwa wingi, usije ukaiacha dawa ukidhani imekudhuru.

Sasa kuwapata wenyewe, hapa ndo najivunia. Nilifagia vumbi la pembeni mwa ukuta kwa fagio la njukuti, nikalichekecha, nikalimwaga kwenye shuka jeupe uani mnamo saa 4 jua limekolea. Mwanzo huoni kitu, vipande vya udongo tu, manake papasi ukimgusa anajikunyata hatikisiki na rangi yake ni hiyo hiyo ya udongo. Nikachutama kimya natazama. Jua likawachoma, kile nilichodhani kokoto kikatoa miguu kikaanza kutembea, kisha kingine pembeni yake, kisha shuka zima likawa linatembea! Nilihesabu 23 kwenye chumba kimoja. Nikamwita ami aone, akasimama muda mrefu hana la kusema.

Kuwaua hao hakutoshi. Daktari Mjerumani Robert Koch aliwachunguza mwaka 1905 Tanganyika enzi za Wajerumani, akakuta vijidudu mpaka ndani ya mayai yao, yani papasi mchanga anaweza kutoka kwenye yai na ugonjwa tayari. Kwa hiyo dawa ni nyumba. Fundi akamwaga saruji chini, tukaziba nyufa zote na kupiga lipu, kitanda nikakiweka mbali na ukuta, kuku nikawatoa chumba cha nyuma. Ilinila elfu thelathini na kitu, mchanga sikununua.

Haraka yote ilikuwa dada angu, mimba yake ilikuwa kubwa na alitaka kuja kukaa kwangu ajifungue, na homa hii kwa mjamzito inaweza kutoa mimba au ikamuua mtoto mchanga. Siku moja kabla hajafika nikafagia tena kila pembe, nikamwaga vumbi kwenye shuka lile lile, nikalikalia macho mpaka adhuhuri. Hakikutembea kitu.