Cherokee ya zamani ikisumbua gia: pima kwanza, giaboksi usiishushe bado

Jeep Cherokee XJ yenye injini ya lita 4.0 na gia otomatiki, kuanzia mwaka wa modeli 1987 hadi 2001, hutumia giaboksi ya AW4 ya Aisin-Warner, ndugu wa karibu wa A340 ya Toyota. Ni giaboksi ngumu kufa. Inauma kuona ikishushwa na kufunguliwa kwa tatizo lililokuwa kwenye waya, swichi au kebo ya nje.

Anza na oili ya giaboksi. Gari liwe tambarare, oili imepata moto (nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi), injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta. Kanyaga breki, pitisha wenzo kwenye kila gia taratibu, urudishe P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili nzuri ni nyekundu na inapenyeza mwanga. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi zinaliwa. Ikiwa ya waridi kama maziwa, maji yameingia: ama kipozeo cha oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka, ama gari limevuka maji marefu na bomba la kupumulia la giaboksi likayavuta. Gari la namna hiyo lisiendeshwe hata kidogo, maana maji hulainisha gundi inayoshika klachi. Oili yake ni Dexron III au inayolingana nayo. Ikiwa gari halisogei kwa gia yoyote ile, kabla ya kuilaumu giaboksi tazama wenzo wa transfa (giaboksi ndogo ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma); huenda umekaa kwenye nyutro.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Zima gari, chomoa fyuzi ya kompyuta ya gia, au soketi ya kompyuta yenyewe chini ya dashibodi. Bila kompyuta, AW4 inamtii dereva moja kwa moja: wenzo ukiwa 1-2 unapata gia ya kwanza, ukiwa 3 unapata ya tatu, ukiwa D unapata ya nne. Gia ya pili haipatikani, na hiyo ni kawaida. Ondoka kwa 1-2, peleka 3, kisha D. Usirudishe wenzo 1-2 gari likiwa kwenye mwendo, kwa sababu hakuna kompyuta ya kukuzuia na gia ya kwanza itaingia kweli.

Gia zote tatu zikishika vizuri bila kuteleza, pampu na sehemu kubwa ya klachi ni nzima. Ugonjwa uko upande wa umeme. Zikiteleza hata hapo, basi ni presha au vyuma.

Upande wa umeme, soleneidi (vali ndogo za umeme) ni tatu: mbili za kubadili gia, moja ya kufunga konveta, yaani kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Pima kila waya wake na bodi kwa multimita kwenye soketi ya kompyuta; usome omu 11 hadi 15. Pima gari likiwa baridi, rudia likiwa moto, kwa kuwa koili iliyopasuka hukatika ikipata joto. Dalili zenyewe zinasema mengi. Gia ya nne huingia soleneidi zote mbili zikiwa zimezimwa, kwa hiyo gari linaloruka kutoka ya kwanza hadi ya nne linakuonyesha soleneidi ya pili. Likiwa zito kuondoka, halina ya kwanza wala ya pili, shuku soleneidi ya kwanza.

Kwa gari linaloingia matopeni, mimi naishuku zaidi swichi ya nyutro iliyo ubavuni mwa giaboksi, inayoiambia kompyuta wenzo uko wapi. Gari likigoma kuwaka kwenye P lakini likawaka kwenye N, taa za riva zikawa zinawaka zikitaka, na gia zikachanganyikiwa, ifungue. Ndani utakuta grisi ya zamani imekauka na vipande vya shaba vimekuwa vyeusi. Safisha kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme, paka grisi mpya isiyopitisha umeme, kisha irudishe wenzo ukiwa N na mstari wa nyutro wa swichi ukilingana. Baada ya hapo pima sensa ya throtoli (mlango wa hewa ya injini): ukifungua taratibu, volti zipande bila kukatika popote.

Kebo inayotoka kwenye throtoli kwenda giaboksi ndiyo inayopanga presha ya oili. Ikilegea, presha inakuwa ndogo, gia zinabadilika kwa ulaini wa kutilia shaka na klachi zinaungua polepole. Ikikaza mno, gia zinachelewa na kupiga kwa kishindo. Kuirekebisha, injini imezimwa: bonyeza kitufe cha kebo, sukuma ganda lake lirudi ndani kabisa, achia kitufe, kisha fungua throtoli hadi mwisho. Itajipanga yenyewe.

Kisha pima ucheleweshaji, oili ikiwa moto na breki zimekazwa. Kutoka N hadi D gari lishtuke kabla ya sekunde 1.2, kutoka N hadi R kabla ya 1.5. Zikizidi kote kote, funga geji ya presha: kwenye D, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, tarajia psi 60 hadi 70 hivi. Ikiwa chini na kebo iko sawa, fikiria chujio lililoziba au pampu iliyochoka.

Mwisho ndiyo unafungua sampo, bakuli la oili chini ya giaboksi. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, punje za rangi ya shaba za bushi, au magamba meusi ya klachi: hapo sasa giaboksi ishuke.